Chaja ya nafasi nne kutoka Luthuli Avenue, Nairobi: taa inasema imejaa, multimita inakataa

Nitaanza na uamuzi ili mwenye haraka asimalize bando lake hapa. Chaja hii ya betri za lithiamu za tochi na vepu (sigara za kielektroniki) inastahili bei yake, lakini usiiamini taa yake ya kijani, na ule waya unaokuja nao ndani ya boksi uweke kando. Ukiitumia kwenye ampea moja, itakwambia betri imejaa ilhali multimita, kile kifaa cha kupima volti, inasoma 4.09 tu badala ya 4.20. Ukiishusha hadi nusu ampea, ukaipa kichwa cha maana (kile cha kuchomeka ukutani, kama cha simu) na waya mnene, inafika 4.16. Hapo sina ugomvi nayo.

Jina la kampuni silitaji. Boksi lina jina moja, chaja yenyewe imechapishwa jingine, na pale pale mtaani utaziona pacha zake zikiwa na majina tofauti kabisa. Utaitambua kwa sura: nyeusi, nafasi nne, kila nafasi na taa yake nyekundu inayogeuka kijani, kitufe kimoja mbele cha kuchagua 0.5 A au 1 A, tundu la USB-C nyuma. Haina skrini. Ingekuwa na skrini inayoonyesha volti, mengi ya haya nisingekuwa na haja ya kuyaandika.

Kazi yangu ni sauti na taa: harusi, ruracio (sherehe za mahari), mazishi, mikutano ya injili viwanjani. Betri za 18650, hizi za milimita 18 kwa 65, ninazo nyingi. Nyingine ni za tochi na vijitaa vya jukwaani, nyingine ni za vepu, ambayo hula mbili kwa pamoja. Nilihamia vepu nilipoachana na sigara. Kama huvuti chochote, usianze, nikotini ni ile ile. Malalamiko yangu yalianzia kwenye vepu kwa sababu ina skrini na haina aibu: betri zimetoka kwenye chaja zikiwa kijani, unazitia, inakuonyesha pau moja ya chaji pungufu. Ikifika saa tisa, wazee wakiwa bado katikati ya hotuba, inakuandikia betri dhaifu.

Watu wengi wakifika hapo hulaumu betri na kukimbilia kununua mpya. Subirini kwanza.

Betri ya lithiamu ya aina hii huwa imejaa ikifika volti 4.20. Ile 3.6 au 3.7 iliyoandikwa ubavuni ni wastani wa kazi, si kikomo, ndiyo maana mtu hupima, akaona 3.9, akafikiri imejaa kupita kiasi. Ukiitoa kwenye chaja nzuri na kuipima papo hapo, utasoma 4.19 au 4.20. Ukiiacha mezani inashuka kidogo, 4.18, 4.17, kisha inatulia. Betri iliyochoka hujifichua wakati huo huo: inatoka ikiwa 4.18, unaenda kunywa chai, ukirudi ni 4.05, na kesho yake iko chini ya 4. Hilo chaja haihusiki nalo. Betri ya namna hiyo hata ukiinunulia chaja ya shilingi elfu ishirini, haikai na chaji.

Zangu zilitoka 4.09 na asubuhi yake zikawa 4.08. Yaani zinashika kile zinachopewa. Aliyeacha kuzipa ni chaja.

Kabla hujaamini hivyo, zizungushe. Betri ya nafasi ya kwanza ipeleke ya nne, ya nne irudi ya kwanza, uchaji tena. Upungufu ukihama na betri, betri ndiyo mgonjwa. Upungufu ukibaki kwenye nafasi ile ile, mgonjwa ni chaja. Yangu ilitoa majibu mawili kwa mpigo: nafasi tatu zilikuwa zinakata sawasawa kwenye 4.09, na ya nne ilikuwa mbaya zaidi, 4.02, betri yoyote utakayoweka.

Hii ya nne ndiyo iliyokuwa rahisi. Chomoa chaja kwanza, kisha mulika kwa tochi ya simu kile kibati cha chini kinachosukumwa na springi, pale ncha hasi inapokaa. Kibati changu kilikuwa na utando wa kahawia, mafuta ya kiwandani yaliyochanganyika na vumbi, na alama ndogo katikati pale betri ilipokuwa inagusa. Pamba ya masikio, spiriti ya duka la dawa, sugua hadi pamba itoke safi, acha ikauke. Fanya vivyo hivyo juu, na kwenye ncha za betri zenyewe. Baada ya hapo nafasi ya nne ikawa sawa na wenzake. Mtu asije akakuuzia chaja mpya kwa sababu ya uchafu wa shilingi kumi.

Sasa zile tatu. Hapa ndipo penye maneno.

Chaja ya lithiamu hufanya kazi kwa awamu mbili. Kwanza inasukuma mkondo usiobadilika, tuseme ampea moja, huku volti ikipanda. Volti ikigusa 4.20, chaja inaishikilia hapo, na sasa mkondo ndio unaopungua polepole kadiri betri inavyoshiba. Awamu hii ya pili ndiyo inayochosha kungoja, na ndiyo inayomalizia kujaza. Chaja yenye adabu hungoja mkondo ushuke hadi kama sehemu ya kumi ya ule wa mwanzo, ndipo inawasha kijani na kukata.

Nina kale kakifaa kadogo ka kupachika kati ya kichwa na waya wa USB, kanasoma volti na ampea. Nikaweka betri moja kwenye 1 A nikakaa nakaangalia huku nachomelea jeki za maikrofoni. Mkondo ukakaa karibu na ampea moja kwa muda mrefu, ukaanza kuteremka, 0.8, 0.6, 0.5, na ulipofika karibu 0.4, taa ikawa kijani. Kwisha. Hiyo si sehemu ya kumi, hiyo ni kuondoka mezani wali bado uko sufuriani.

Na kwa nini kukata mapema kunaacha volti chini? Kwa sababu ya ukinzani, yaani kile kinachozuia mkondo kupita kwa urahisi. Betri ina ukinzani wake wa ndani, vibati vya chaja vina wao, na mkondo ukipita hapo unakula sehemu ya volti. Chaja inasoma 4.20 kwenye vibati vyake, lakini betri yenyewe ndani iko nyuma. Mkondo ukiwa mkubwa, pengo ni kubwa, na mkondo ukishuka pengo linajifunga. Ukikata pengo likiwa bado wazi, ukaitoa betri na kuipima ikiwa peke yake, ndiyo unaona 4.09. Ndiyo maana pia betri kuukuu, ambayo ukinzani wake umepanda kwa miaka, hupata kijani haraka kuliko mpya.

Dawa basi iko kwenye kile kitufe. Bonyeza hadi 0.5 A. Mkondo unaanzia chini, chaja yangu ikakata karibu na 0.15, pengo likiwa dogo, na betri ikatoka 4.16. Betri zile zile, nafasi zile zile. Gharama yake ni muda: betri ya miliampea-saa 3000 (kipimo cha ujazo wake) ikiwa imeisha, kwenye nusu ampea hesabu zaidi ya saa sita. Mimi naziweka asubuhi nikiwa nyumbani natengeneza nyaya, sizichaji nikiwa nimelala. Anayetaka kuchomeka saa moja asubuhi na kutoka nazo saa tatu, chaja hii haimfai, na hata zinazomfaa zitamtoza zaidi.

Kisha kuna suala la kichwa na waya. Chaja inauzwa bila kichwa, na muuzaji hakwambii, kwa hiyo kila mtu anaokota kichwa cha simu ya zamani kilichoko kwenye droo. Soma maandishi madogo ya kichwa hicho. Vingi vya zamani vinatoa volti 5 kwa 0.7 A au 1 A. Nyuma ya chaja wameandika inataka volti 5 kwa 2 A. Na hapo hapo kwenye boksi wanajigamba nafasi nne kwa ampea moja kila moja. Nne kutoka kwa mbili, hesabu hiyo darasa la pili watakukatalia. Ukweli ni kwamba ukijaza nafasi zote inagawa, kila betri inapata kama nusu, hata kama kitufe kiko kwenye 1 A. Si kosa, ila wangesema.

Kichwa dhaifu kinaweza kufanya mambo mawili. Ama kinachaji kwa mwendo wa konokono, ama kinazidiwa, chaja inazimika na kuwaka upya yenyewe, taa zote zinapepesa mara moja kisha zinarudi nyekundu. Ukiona hivyo, usilaumu stima, badilisha kichwa. Waya uliokuja kwenye boksi nao ni mwembamba kupita kiasi. Kwa betri nne, kichwa kikitoa volti 5.1, mwisho wa waya nilisoma 4.5. Chaja inatakiwa kuingiza 4.2 kwenye betri, na saketi yake nayo inachukua fungu lake njiani. Ikipewa 4.5 inabaki inajikongoja, na ule mwisho wa kujaza ndio unaoumia kwanza. Kwa waya mnene mfupi na kichwa cha 2 A halisi, volti ilibaki juu ya 4.9.

Haya, duka.

Ni mojawapo ya vile vibanda vya vioo, ghorofa ya juu, Luthuli Avenue. Unapanda ngazi katikati ya masanduku ya spika, ukipita vijana wanaokuita wakikuonyesha redio za magari ambazo hukuuliza. Nililipa shilingi 2,600 kwa M-Pesa. Ukutani pameandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na karibu na hapo pameandikwa warantii ya wiki moja. Sijui wanaishije na maandishi yote mawili, lakini wanaishi.

Nilirudi na chaja, betri mbili na multimita. Dada wa kaunta alinisikiliza vizuri.

“Dada, hii chaja haijazi.”

“Si inawaka kijani, boss?”

“Inawaka.”

“Basi imejaa.”

Nikaweka betri juu ya kioo, nikagusisha ncha za multimita, nikamgeuzia aisome. 4.09. Akaiangalia, akaniangalia, akaita nyuma ya pazia: “Mzee, kuja uone.”

Akatoka fundi mwenye miwani na chuma cha kuchomelea bado mkononi. Akapima kwa multimita yake, ikasoma tofauti kidogo na yangu, akapima kwa yangu, akaitikia kwa kichwa. “Kijana, hizi zote hukata mapema. Ikikata mapema, hakuna nyumba inaungua. Weka kwa nusu.” Nikamwambia nimeshaweka na inafika 4.16. “Sasa unataka nini tena?” Nikasema nataka waya, huu wenu haufai. Akaukunja kwa vidole viwili, akacheka, akamwambia dada anipe mwingine bila kulipa. Nikapewa mnene. Huduma ya namna hiyo sitaitangaza kama muujiza, lakini yako maduka mjini ambayo ukirudi na malalamiko muuzaji ghafla hakukumbuki.

Mzee ana hoja, na nataka kuwa wa haki. Chaja inayopitisha 4.20 ni hatari kuliko inayoishia chini yake. Betri ya lithiamu ikilazimishwa juu ya 4.25 inaharibika ndani, na ikiendelea inaweza kutoa gesi na kuwaka. Na betri inayoishia 4.10 inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya ujazo, lakini inaishi miaka zaidi, jambo ambalo wenye mitambo ya sola wanalijua. Kwa tochi zangu, ambazo hazijawahi kuniishia kazini, naziacha zikate zinapotaka. Ninachokataa ni kuambiwa imejaa wakati haijajaa. Andika kwenye boksi kwamba inaishia 4.1, nitanunua mbili.

Kilichonikera hapo dukani kilikuwa kwenye kabati la kioo chini ya kaunta: betri za 18650 zilizoandikwa 9900 mAh (hizo ndizo miliampea-saa), kwa bei ya nusu ya betri halisi. Hakuna 18650 ya 9900. Nyingi ya zilizo bora sokoni ziko karibu na 3500, na zile za vepu, zinazotakiwa kutoa mkondo mkubwa, nyingi ni kati ya 2500 na 3000. Samsung 30Q ya waridi na LG HG2 ya kahawia zote ni 3000. Nikamwomba dada aniwekee moja ya 9900 kwenye kile kimizani chao kidogo. Betri halisi huwa na uzito wa kama gramu 45 na kidogo juu. Hii ilikuwa nyepesi kiasi cha kukufanya uangalie ndani ya mkono wako kama umeishika. Dada akasema wateja wanazipenda kwa sababu zinajaa haraka.

Na ni kweli zinajaa haraka. Ndani mna uwezo kidogo, basi kijani kinawaka ndani ya muda mfupi, na mwenye nayo anasifia chaja. Hili lishike hata kama hukumbuki lingine: betri ya 3000 iliyoisha, kwenye ampea moja, haiwezi kujaa chini ya saa tatu. Ikijaa kwa dakika arobaini ilhali ilikuwa imeisha, aidha imekufa, aidha ni ya bandia. Zile zinazotolewa kwenye betri kuukuu za laptop na kuvalishwa ganda jipya ni hadithi hiyo hiyo. Hizo usitie kwenye vepu kabisa. Hata zikiwa mpya nyingi hazikuundwa kutoa mkondo ambao vepu inaudai.

Mambo machache ambayo chaja hii inayafanya vizuri. Ukigeuza betri kichwa chini inakataa, taa inapepesa, hakuna kinachoungua. Betri iliyoshuka chini ya volti 2.5 haikimbilii kuipa mkondo mkubwa, inapepesa nyekundu. Waache mafundi wa kuamsha betri kwa kuiunganisha na nyingine kwa waya. Betri iliyokaa chini sana imeharibika, ipeleke inakokusanywa taka za kielektroniki, WEEE Centre hapa Nairobi wanapokea. Haipati joto la kutisha pia: kwenye nusu ampea betri ni vuguvugu, kwenye moja zina joto ambalo mkono unavumilia. Kama yako inakushinda kushika, itoe na usiirudishe.

Betri za vepu nimeziandikia kwa kalamu, A na B, zinachajiwa pamoja na kutumiwa pamoja. Moja ikitoka 4.16 na mwenzake 4.05, vepu itafuata aliye dhaifu, na hapo unarudi kulaumu chaja bure. Ganda likichanika, badilisha ganda, linauzwa kwa bei ya pipi. Na mfukoni usizibebe pamoja na funguo na sarafu, kuna vijisanduku vya plastiki.

Kama chaja yako ina swichi ya kuchagua aina ya betri, itazame kabla ya kufungua vita. Ikiwa imewekwa kwa zile lithiamu za chuma-fosfeti, itakata karibu 3.6 na betri yako itabaki zaidi ya nusu tupu huku kijani kinawaka vizuri tu. Hii yangu haina swichi hiyo.

Jumla nililipa 2,600 ya chaja na 700 ya kichwa cha 2 A, waya nikapewa. Nyota tatu kwa chaja, nne kwa fundi wa nyuma ya pazia, na moja kwa lile kabati la 9900. Ukiwa na pesa zaidi tafuta yenye skrini inayoonyesha volti na miliampea-saa za kila nafasi, na umwambie muuzaji aiwashe mbele yako. Mimi nitafanya hivyo harusi za Desemba zikilipa, na hii ya sasa nitamwachia kijana anayenishikia nyaya, ikiwa imeshawekwa kwenye nusu.